Saa imemwambia mke wangu kwamba nikiingia nyumbani roho inachafuka. Wajuzi njooni

Mgosi wa Mikanjuni

Wagosi na wakuu wote salamu. Mi sio mtu wa kuanzisha nyuzi, huwa napita nasoma nacheka nalala, ila hili limenifika shingoni.

Mwezi wa pili shemeji yangu alikuja kutoka Muscat akaniletea saa janja. Sio zile za majina makubwa, ni za kawaida, mkanda wa mpira na kwa nyuma vitaa vya kijani vinawaka vinazima. Inahesabu hatua, inasoma mapigo, alaf ina kitu wanaita hali ya moyo. Kuna kikatuni cha uso, kikiwa buluu umetulia, kijani uko sawa, chungwa umeanza kuchemka, nyekundu ndo mambo yameharibika. Simu yangu imejaa haina nafasi hata ya picha moja, kwa hiyo ile programu yake nikaiweka kwenye simu ya mama Nuru. Hapo ndo nilipojichimbia kaburi.

Wiki mbili nzima navaa, natamba nayo bandarini, hata hizo chati sikuwa naziangalia. Kumbe mwenzangu anaziangalia. Juzi usiku watoto wamelala kaniita uani, hana hasira wala nini, kashika simu ananionyesha kwa kidole. Hii asubuhi uko kazini, kijani. Hii mchana, kijani. Hii saa kumi na moja uko barazani na kahawa yako na wazee, buluu kama mtoto aliyeshiba. Hii saa kumi na mbili unaingia mlango huu. Nyekundu. Jana nyekundu. Juzi nyekundu. Katika siku kumi na nne, siku kumi na moja nikivuka kizingiti changu mwenyewe nageuka nyekundu.

Nikamwambia mama Nuru hii ni mashine tu. Akanijibu, "Ndio. Mashine ina sababu gani ya kunidanganya?" Akaenda kulala.

Asubuhi namkuta anafagia uwanja kajifunga kanga mpya sijawahi kuiona, jina lake UKICHOKA USEME MLANGO U WAZI. Neno hajanitolea. Chai kaweka, mihogo kaweka, kila kitu kipo, ila ile kanga inapita mbele yangu inarudi, inapita inarudi, na majirani zetu wote kusoma wanajua.

Sasa swali, hiki kidude kweli kinajua nilichonacho moyoni? Maana mi mwenyewe nimeanza kujishuku.

Jini la Amboni

Nakaa siti ya mbele. Mwenye karanga apitishe.

Kibao cha Mbuzi

Pole mgosi ila saa haijakosea, we sema tu unadaiwa nini hapo nyumbani 😂😂

Fundi Simu Ngamiani

Mgosi nisikilize, mi hivi vidude navifungua kila siku, hapa mezani sa hivi ninazo tatu, mbili zimeogelea Raskazone na moja mwenyewe kapotea hajarudi. Ukibandua mgongo hukuti maajabu. Kuna taa za kijani na katikati yake kijicho cha kupokea mwanga basi. Damu inanyonya mwanga wa kijani, moyo ukisukuma damu mkononi mwanga unaorudi kwenye kijicho unapungua, moyo ukilegea unaongezeka, pungua ongezeka pungua ongezeka, hayo ndo mapigo yako.

Sasa hiyo rangi ya kikatuni inatoka wapi. Moyo hautembei kama saa ya ukutani. Mtu mwenye mapigo 60 kwa dakika usidhani kila pigo linakuja baada ya sekunde moja kamili, hili linakuja baada ya sekunde 0.9 lile 1.1, ukivuta pumzi unaharakisha kidogo ukitoa unapoa. Ukiwa umetulia hizo tofauti zinakuwa pana, ukibanwa na jambo zinafinyana. Saa inapima mfinyano huo, inaupitisha kwenye hesabu za kiwandani kwao, inakuletea rangi. Ila kinachofinya sio huzuni na hasira peke yake. Kahawa inafinya, usingizi mbovu unafinya, homa inafinya, jua linafinya, kupanda ngazi ndo usiseme.

Hebu nijibu kimoja, kutoka barazani kwenda Mikanjuni unaenda na nini?

Mgosi wa Mikanjuni

Baiskeli fundi. Na siku nyingi nyuma nimefunga kiroba cha mkaa au dumu.

Fundi Simu Ngamiani

Eti na dumu. Kesi imeisha hiyo mwambie shemeji anisamehe.

Kibao cha Mbuzi

Haijaisha. Zile siku tatu ambazo hakuwa mwekundu je? Baiskeli ilikuwa haina magurudumu?

Mgosi wa Mikanjuni

Ngoja nikumbuke... Mbili ilikuwa ile mvua kubwa nikapanda bajaji. Ya tatu baiskeli ilikuwa kwa fundi pancha nikapewa lifti. Yarabi. Kumbe ni kweli.

Kibao cha Mbuzi

Haya mimi natoa kiroba changu naondoka.

Shoga wa Barabara ya 13

Nyie wanaume mnachekesha. Kaka kapata jibu la baiskeli kashangilia utadhani Coastal kafunga goli la dakika ya 90, na mkewe mtamwambiaje? Unadhani ukienda na hadithi ya taa za kijani ile kanga itavuliwa? Ntarudi, nina wateja.

Mwalimu wa Fizikia

Uzi mzuri huu, nachangia kitu nilichokifanya kwa mikono yangu.

Mwaka juzi shuleni tulikuwa na maonyesho ya sayansi, vijana wangu wa kidato cha tatu wakataka kutengeneza kofia inayoonyesha hisia. Wazo hawakuliokota jalalani. Mwaka 2006 Philips wa Uholanzi walitengeneza gauni wakaliita Bubelle, la tabaka mbili, la ndani linapima mwili wa mvaaji na la nje linawaka rangi kufuata anavyojisikia. Halikuwa la kuuzwa, walikuwa wanajaribu kuona nguo za baadaye zitakuwaje. Alaf kuna mbunifu wa San Francisco anaitwa Kristin Neidlinger, yeye katengeneza sweta lenye kola kubwa, sensa ziko mikononi, hali yako ikibadilika kola inabadilika rangi na kila mtu aliyeko mbele yako anaona. Vijana waliona picha za hilo sweta wakapagawa. (Sensa hapa ni vidude vya kupima mwili, sio ile ya watu na makazi, msianze.)

Sisi hatuna hela ya sweta. Tukachukua sarafu mbili za shilingi mia, kila moja tukaiunganisha waya, tukazifunga kwa utepe kwenye kidole cha shahada na cha kati, waya zikaingia kwenye kibao cha Arduino, kikompyuta kidogo cha kujifunzia, cha mwanafunzi mmoja, kutoka hapo taa ya LED ya rangi tatu tukaishona mbele ya kofia ya kufuma. Kinachopimwa ni jasho. Sio jasho la kudondoka, ni lile dogo la viganja ambalo hata hulioni. Ukishtuka mishipa ya fahamu inaamsha tezi za jasho, ngozi inapata unyevu kidogo na umeme unapita kwa wepesi zaidi. Jambo lenyewe la zamani mno, daktari Mfaransa Féré aliliandika 1888, Tarchanoff wa Urusi naye 1890, na miaka ya 1900 mwanzoni Jung wa Uswisi alikuwa anamsomea mgonjwa maneno moja moja huku anaangalia mshale wa kipimo cha umeme, neno likigusa kidonda mshale unaruka.

Tukajaribu darasani mwezi wa tatu. Mnaijua Tanga mwezi wa tatu. Kijana wa kwanza akavaa, nyekundu. Wa pili nyekundu. Mwalimu wa nidhamu akapita akaombwa avae, nyekundu, darasa likaanguka kwa kicheko. Mimi nikavaa, nyekundu. Darasa zima lina hasira! Tukabeba kila kitu tukahamia chumba cha kompyuta kwenye kiyoyozi, robo saa tu wote tukawa kijani, watu wema watupu.

Hapo ndo nikawaambia vijana futeni ile hesabu yenu. Kiwango cha jumla cha unyevu kinakwenda na joto, hicho kiacheni, tafuteni kile kinachoruka ghafla juu yake. Wakaandika upya. Mmoja akapuliza mfuko wa karatasi akaupasua nyuma ya mwenzake bila kumwambia, tukahesabu, moja, mbili, taa ikaruka. Huwa inachukua sekunde moja mpaka tatu, mwili una mwendo wake. Pale palepale kwenye joto letu ikafanya kazi. Lakini angalieni ilichoweza kusema. Ilisema huyu kashtuka. Basi. Tukamwonyesha yule kijana picha ya timu yake ikaruka vilevile, tukamtajia mtihani wa hesabu ikaruka vilevile. Kofia haikujua kipi raha kipi balaa.

Jini la Amboni

Mwalimu wa nidhamu mwekundu hiyo mbona hata bila kofia tulikuwa tunaijua

Fundi Simu Ngamiani

Mwalimu umenikumbusha zile pete za rangi, mama alikuwa nayo moja. Ukivaa inageuka buluu, nyeusi, kijani, akatuambia inasoma roho. Kumbe ni joto la kidole tu, ndani kuna kimiminika cha fuwele kinachogeuka rangi joto likipanda. Zilianza kuuzwa Marekani 1975. Huku kwetu sijui zilikaaje maana kwa joto hili pete ilitakiwa ibaki rangi moja mwaka mzima.

Mtu Mzima Chumbageni

Vijana mi nawasoma tu. Nina neno moja. Kiswahili chetu kina jakamoyo, kina fadhaa, kina simanzi, kina kinyongo, kina kijicho, kina kiherehere, kina hamaki. Hivyo vyote ukivileta kwenye hiyo saa vinakuwa vikatuni vinne? Kinyongo hata mapigo hakipandishi. Mtu mwenye kinyongo amepoa kama maji ya mtungi, anakukaribisha na kahawa. Iko siku saa itakwambia huyu buluu mkaribie.

Mwalimu wa Fizikia

Mzee umenena. Na hilo la mwili kutojua jina la kinachoutikisa wazungu wamelipima. 1974 Dutton na Aron, huko Kanada, waliwapitisha wanaume kwenye daraja la kuning'inia la Capilano, liko juu ya bonde karibu mita 70 na linayumba. Mwanamke anawasimamisha pale anawauliza maswali anawapa namba yake ya simu. Wale wa daraja la kuyumba walimpigia wengi kuliko wale waliopita daraja imara la chini chini. Moyo ulikuwa unadunda kwa woga, wao wakasoma mapenzi.

Kibao cha Mbuzi

Kwa hiyo ukitaka mchumba mpandishe ngalawa ya kwenda kisiwa cha Toteni siku ya kusi. Nimeelewa somo mwalimu.

Nesi wa Pwani

Wapendwa naomba niingie upande wa wodini kidogo maana naona mnacheka tu.

La kwanza hivi vifaa vya mwanga vina tatizo na ngozi zetu na sio siri. Rangi ya ngozi nayo inanyonya mwanga. Mwaka 2020 jarida kubwa la madaktari Marekani lilitoa utafiti wa kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni, wagonjwa weusi walikuwa karibu mara tatu ya weupe kukutwa kifaa kinasema oksijeni ipo ya kutosha wakati damu yenyewe inasema hapana. Kile ni kifaa cha hospitali kimepitia kila ukaguzi. Sembuse saa ya kaka, ya mkanda wa mpira.

Tena nilimwona bibi harusi mmoja Makorora, piko mpaka kwenye kiwiko, kavalishwa saa ya zawadi mkono uleule. Vitaa vinawaka weee, inatafuta mapigo haipati. Kwa hiyo kwa mujibu wa saa siku ya harusi yake bibi harusi alikuwa hana moyo 😂

La pili lakini msilitupe lote baharini. Kuna mama mmoja anaitwa Rosalind Picard, profesa wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, ndo aliandika kitabu cha kompyuta na hisia mwaka 1997, mambo haya mengi yanaanzia kwake. Siku moja mwanafunzi wake alimwomba zile bangili za kupima jasho akamfungie mdogo wake, mtoto mwenye usonji, haongei, wajue nini kinamsumbua. Profesa anaangalia data anaona bangili ya mkono mmoja imeruka juu kupita kiasi na ya mkono wa pili imelala. Akadhani imeharibika. Ikabidi ampigie simu mwanafunzi aulize saa ile kulitokea nini. Muda mfupi baada ya ule mruko mtoto alikuwa ameanguka kifafa. Kutoka kwenye kutafuta hisia wakaingia kwenye kifafa, na 2018 saa yao ya Embrace ikaruhusiwa na mamlaka ya dawa Marekani, mtoto akipata degedege lile kubwa usiku inamwita mzazi kwenye simu.

Mimi nimekaa na akina mama wanaolala wameshika mguu wa mtoto ili akianza kutikisika waamke. Miaka. Mwambie mama kama huyo ni mchezo wa rangi. Ila hizo saa bei yake kwa huku tuache tu.

Shoga wa Barabara ya 13

Haya nimefunga duka nimerudi.

Mi nauza kanga. Mama yangu kauza kanga, bibi kauza kanga. Nimewasoma gauni la Uholanzi sijui sweta la Marekani linaloonyesha hisia mtu akiwa amevaa, nikasema hawa wageni wa wapi, mbona sisi tunavaa hisia tangu enzi za mabibi na haijawahi kuomba chaji. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Wateja wangu wengi rangi wanaangalia mwisho. Kwanza anasoma jina. Kuna watu wana doti za Mali ya Abdulla za Mombasa wanazitunza kama hati ya shamba, kila moja anakwambia hii nilimvalia nani na mwaka gani.

Sasa sikilizeni vizuri hapa maana ndo mnapopotea. Mwanamke akija dukani kwangu na lake moyoni, anakaa. Natandaza. Anasoma anaweka pembeni. Hii kali sana. Hii ataona namwogopa. Hii atadhani namwambia mama yake. Nusu saa nzima! Anaweza kuwa kaja na hasira ya kuua mtu akaondoka na doti ya kuomba yaishe, nimewaona. Anaweza kuja na machungu akanunua ya kujisifu, wakome. Yaani huo moyo anaupika kwanza ndo anaupakua. Hilo sweta lenu linapakua mchele mbichi. Unawaka tu, umekaa ukumbini wifi yako kaingia kola imewaka nyekundu, utasema nini? Umeumbuka. Kanga haijawahi kumuumbua mvaaji.

Na jingine. Kanga unaweza kuikana. Ukiulizwa unasema aa mi nilipenda maua. Mwenzio anajua, we unajua, lakini mlango wa kutokea upo. Chati ya saa unaikanaje?

Kaka wa Mikanjuni, mkeo hajaogopa baiskeli wala mkaa. Kaona kitu chako ambacho hujamwambia wewe. Kasikia kwa mtu baki.

Mtu Mzima Chumbageni

Bi mdogo nimekuvulia kofia. Enzi zetu za Black Star na Lucky Star mtu anakwenda kutunza hela kwenye taarabu anasubiri, anasubiri, mpaka ifike beti inayomhusu mtu fulani, ndo anainuka taratibu na noti yake mkononi. Ukumbi mzima umeshaelewa na yeye hajafungua mdomo.

Jini la Amboni

Mchele mbichi 😭😭 naomba hii niichapishe kwenye fulana

Mpita Njia wa Dar

Mi nimezaliwa Sahare ila kazi iko Dar, mambo ya kupokea simu za wateja. Naomba niseme kwa nini huu uzi haunichekeshi sana. Bosi wetu mwezi uliopita katuita kwenye kikao kaja na wazo eti kampuni itutafutie bangili za kupima msongo, bure, ili watujali. Na kwenye simu iwekwe programu ya kusikiliza sauti, ukiongea umenuna inakuandikia. Watu wakapiga makofi. Mi nikakaa najiuliza hiyo chati inalala simu ya nani. Mgosi chati yake ililala kwa mkewe anayempenda na angalieni kilichotokea, yangu ilale kwa mtu anayeamua mkataba wangu?

Mambo ya sauti sio mageni, Amazon walitoa bangili ya Halo 2020 inasikiliza toni ya mvaaji inamwambia leo umesikika mkali, 2023 wakaifunga. Microsoft nao 2022 walitangaza wanaondoa ile huduma yao ya kusoma hisia kwenye uso. Na kwenye nchi za Umoja wa Ulaya tangu Februari 2025 kisheria mwajiri haruhusiwi kutumia akili mnemba kukisia hisia za mfanyakazi, wala shule kwa mwanafunzi, labda iwe kwa matibabu au usalama. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti, nikaisoma usiku nikaiweka kwenye simu. Kikao kijacho nataka niulize swali moja tu kwa adabu, mapigo ya moyo ni afya au sio afya?

Fundi Simu Ngamiani

Uliza ukiwa umevaa mikono mirefu wasione chati yako ikiruka

Kibao cha Mbuzi

Hiyo imenikumbusha kitu nilikiona, hao hao Philips na benki moja ya Uholanzi, ABN AMRO, 2009 walitengeneza bangili na bakuli la mezani kwa watu wanaouza na kununua hisa wakiwa nyumbani. Ukipandwa na tamaa au woga bakuli linawaka, likiwaka sana ujue sa hizi usibonyeze kitu. Nikasema hili ningelipata mimi na mikeka yangu ya mpira ningekuwa na nyumba sa hizi.

Nesi wa Pwani

Hilo bakuli hata mi nalitaka, niliweke karibu na simu siku ya mshahara.

Mpita Njia wa Dar

Mgosi uko wapi? Siku nne kimya. Tupe mrejesho.

Mgosi wa Mikanjuni

Wagosi niko hai. Mrejesho ni mrefu vumilieni.

Baada ya maneno ya yule dada wa kanga sikwenda kumweleza mama Nuru habari za taa za kijani. Nikamvua saa... nimekosea, nikajivua saa, nikamwambia vaa wewe siku tatu, uone inavyoongopa. Akakubali haraka mpaka nikashangaa.

Siku tatu kavaa. Jana usiku tukakaa uani na ile simu, safari hii mimi ndo mwenye kidole. Ijumaa saa mbili asubuhi nyekundu, nini hii? Vitumbua viliungua, mteja kasimama anasubiri. Haya. Saa tano chungwa, hapa? Mwenye upatu kapiga simu. Jumamosi mchana nyekundu kabisa kama pilipili, saa nzima, hapa je? Akanyamaza. Nikakumbuka mwenyewe, Jumamosi mama yangu alikuja. Tukaangaliana tukacheka mpaka Nuru akaamka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ya chati.

Basi mi nikafurahi, nikajua yameisha, kidole kikateleza mpaka saa kumi na mbili jioni. Saa yangu mimi ya kuingia mlangoni. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

Buluu.

Buluu buluu buluu. Mstari umelala kama maji ya bamvua yamekupwa, hata kijongo hakuna. Naingia mume mtu, na jasho langu, na mkaa wangu nyuma, moyo wa mwenzangu haukupiga hata nusu pigo la ziada! Sikusema kitu. Nikalala naangalia dari.

Jini la Amboni

HAHAHAHA sasa imehamia kwa mgosi

Kibao cha Mbuzi

Umeshakuwa kochi ndugu. Mtu hashtuki akiona kochi lake.

Nesi wa Pwani

Kaka acha hizo. Kuna wanawake mume akipiga hodi tu mapigo yao 120, nawapokea mimi zamu ya usiku. Buluu hiyo kamshukuru Mungu.

Mtu Mzima Chumbageni

Nesi amemaliza.

Mgosi wa Mikanjuni

Nimewasikia. Nesi hasa nimekusikia.

Leo mchana nimepita Ngamiani kwenye maduka ya kanga, mara ya kwanza maishani naingia peke yangu. Jamani. Nilidhani dakika mbili natoka. Nikaanza kusoma majina. Hii inasema kama vile mi ndo nimekosewa. Hii ataipenda lakini mama akija akaiona itakuwa vita. Hii nzuri ila kijani, hapendi kijani. Joto lile, watu wananipita wanachungulia mwanaume huyu anasoma nini, muuzaji ananiangalia anatabasamu tu hasemi. Nikatupa jicho mkononi maana saa nilikuwa nimeivaa tena asubuhi, mnajua ilikuwa rangi gani.

Nimechukua doti moja. Nimempa kabla sijaegesha baiskeli. Kaisoma, kaikunja, kaingia nayo ndani.

Shoga wa Barabara ya 13

Kumbe ni wewe! Shati la drafti, jasho mpaka kwenye viatu, kashikilia ile ya zambarau dakika kumi kairudisha? Nilijua tu huyu ana kesi. Ulivyoondoka nilikuwa nahudumia mwingine sikuona uliyoibeba mwisho. Ulichagua jina gani kaka?

Mgosi wa Mikanjuni

Hilo dada ni la ndani.

Fundi Simu Ngamiani

Na saa je? Kama unaiachia sema, nina mteja.

Mgosi wa Mikanjuni

Elfu arobaini. Chaja Nuru kaipoteza.